Emil Andrej Sabol, Aliyeutafuta Uso wa Baba Yake (1938–2024)

Marehemu Emil Andrej Sabol alizaliwa tarehe 14 Mei 1938 mjini Monessen, Pennsylvania, akiwa mtoto wa pekee wa Andrej na Ludmila Sabol. Baba yake hakumwona. Andrej alifariki kwa ajali ya kiwandani Januari ya mwaka huohuo, mama akiwa na mimba ya miezi mitano. Ludmila aliolewa tena mwaka 1940. Mume wa pili hakutaka picha za mume wa kwanza ndani ya nyumba, naye akazichoma zote katika jiko la makaa. Hakubakisha hata moja.

Kwa hiyo Emil alikua akimjua baba yake kwa kusimuliwa, na masimulizi hayakuwa na uhakika. Mama alimwambia baba alikuwa mrefu. Mwaka mwingine akamwambia alikuwa wa kimo cha kawaida. Jambo moja tu halikubadilika: majira ya joto ya mwaka 1937, Andrej Sabol aliichezea timu ya besiboli ya ligi ndogo akiwa mrushaji wa mpira, na kiwanda cha mikate cha mji jirani kilichapisha kadi zenye picha za wachezaji na kuzitia ndani ya karatasi za mikate. Kadi ya Andrej ilikuwapo. Watu wazima waliwahi kuiona. Mtoto wake hakuwahi.

Marehemu alisoma shule ya parokia, kisha shule ya sekondari ya mjini, akahitimu mwaka 1956. Wiki iliyofuata aliingia kiwanda kilekile kilichomuua baba yake, idara ya kuvuta waya, akafanya kazi hapo hadi kilipofungwa mwaka 1986. Baada ya hapo alikuwa fundi wa boila katika shule za wilaya mpaka alipostaafu. Hakupenda kuzungumzia kazi. Akiulizwa, alisema, “Nilikwenda, nikarudi,” na kwa familia yake jibu hilo lilikuwa na uzito.

Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na Rosalie Benedetti. Wazee wa Kislovakia hawakufurahi kwamba bibi harusi ni Mwitaliano, wazee wa Kiitaliano nao hawakufurahi vilevile, ila meza ya biskuti siku ya arusi ilikuwa ndefu hivi kwamba pande zote mbili zilishindwa kununa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marcella na Paul.

Nje ya kazi na nyumba, marehemu alikuwa na shughuli moja: kadi za zamani za besiboli. Kila mwezi alikaa na wenzake katika ukumbi wa zimamoto, kila mmoja na meza yake. Alijulikana kwa mkono mwepesi wa kusafisha. Mafuta na nta aliyatoa kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni, akisugua polepole kama anayepangusa uso wa mtoto. Kadi iliyogandishwa kwa gundi kwenye albamu aliilaza katika maji safi ya dukani, ndani ya bakuli la kuokea pai, mpaka ikaachia yenyewe. Wino wa mashine ya kuchapia hauogopi maji. Wino wa kalamu unaogopa. Kwa sababu hiyo aliwafundisha wageni wote kuuinua ukurasa mbele ya taa kali kabla ya kuulowesha, waone kama kuna mwandiko nyuma ya kadi.

Rafiki yake, Dutch Kuzma, hakuacha kumtania.

“Emil, kadi hiyo haipo. Baba yako alikula ule mkate, na kadi akala.”

“Basi ningezaliwa na chapa tumboni.”

“Hebu fungua shati tuone.”

Jumamosi moja ya Oktoba 1994, katika mauzo ya vitu vikuukuu katika chumba cha chini cha kanisa moja la mji wa jirani, Charleroi, marehemu alifunua albamu iliyojaa picha za waigizaji wa sinema na mapishi yaliyokatwa magazetini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kadi moja, nyeusi kwa masizi na mafuta ya jikoni, imegandishwa kwa gundi ya unga. Chini, penye jina, zilionekana herufi tatu: S, A, B.

“Hii ni ya nani?” aliuliza.

“Ya mama mmoja wa Kislovakia, alikufa hana mtoto,” alisema mwuzaji. “Dola nne, baba, uchukue albamu nzima. Ina ukungu, nisikudanganye.”

Alilipa bila kupunguziwa. Alifika nyumbani, akajaza bakuli maji, akalaza ukurasa. Hakuuinua mbele ya taa. Watu wa meza zile za ukumbi wa zimamoto wamelisema jambo hili mara nyingi tangu siku ile, na hakuna aliyelisema kwa kumlaumu. Alikuwa na miaka hamsini na sita na hakuwahi kuuona uso wa baba yake.

Masizi yalitoka vizuri. Uso ukatokeza: kijana aliyeinamisha kofia upande, anakunja jicho kwa jua.

“Rosalie! Njoo! Ana masikio yangu!”

“Wewe ndiye mwenye masikio yake. Jamani, maskini, na yeye pia!”

Walikuwa bado wanacheka kadi ilipoachia ukurasa na kugeuka ndani ya maji. Mgongo wake ulikuwa umeandikwa kwa kalamu, mistari minne, na wino wa buluu ulikuwa unaondoka kama moshi.

“Soma!” marehemu alipiga kelele. “Soma haraka, macho yangu hayaoni!”

“Ni Kislovakia, Emil! Mimi nitasoma nini?”

Akaitoa, akaigandamiza kwa karatasi ya kufyonza, na karatasi ikafyonza kilichobaki. Lilisalia neno moja lenye maana ya Jumapili, na chini yake herufi A. Rosalie alilitazama muda mrefu alipoambiwa maana yake. “Anasema atakuja Jumapili,” akasema. “Nina hakika.” Hakuwa na hakika.

Marehemu alirudi Charleroi mara kadhaa. Hakuna aliyelijua hata jina la mwenye albamu. Lakini kila mtu alikuwa na maoni. Padri alisema ni salamu kwa shangazi. Dutch alisema ni kwa mchumba. Mama yake, aliyekuwa bado hai, alisema Andrej hakujua kuandika, kisha akasema mwandiko wake ulikuwa mzuri. Emil aliitia kadi katika bahasha, akaifungia kwenye droo. Hakuipeleka ukumbini. Aliyeutafuta ule uso maisha yake yote, alipoitoa aliutazama upande wa nyuma.

Mwaka 2019 madaktari walisema mapafu yake yamechoka. Alitumia mtungi wa hewa kuanzia mwaka uliofuata. Januari mwaka huu alilazwa, na Marcella akampelekea bahasha. Aliishika kifuani.

“Marcella, unadhani aliandika nini?”

“Sijui, Baba.”

“Mama yako angeniambia kitu.”

“Najua. Mimi sijui, na siwezi kukutungia.”

Alivuta hewa ya mtungi.

“Afadhali,” akasema. “Nimetungiwa vya kutosha.”

Kisha akaigeuza kadi, akamwomba amletee miwani, na akatazama uso wa baba yake mpaka wauguzi walipokuja. Alifanya hivyo kila siku iliyobaki. Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Picha ya kushoto kwenye jalada la ratiba hii ya mazishi ni ya Andrej Sabol, kama ilivyosafishwa na mwanawe. Wengi wetu tunaiona leo kwa mara ya kwanza. Mgongo wa kadi haukuchapishwa.

Marehemu alitanguliwa na mkewe Rosalie mwaka 2011. Ameacha binti yake Marcella. Mwanawe Paul na mkwewe Denise. Wajukuu watatu, Andrew, Lucia na Beth. Na rafiki yake Dutch Kuzma.

Emil, lala sasa kwa amani ya Mungu, kando ya Rosalie.