Aliyesubiriwa Mazikoni kwa Teague

Bi Verna alikuwa akienda kumzika mumewe kwa basi la Kingston. Gari la wazishi alilikataa, akisema maiti ni mmoja tu. Viti vitupu vilikuwa tele, lakini mzee mwenye gazeti akaja kuketi ubavuni pake, kama wafanyavyo wenye maneno.

"Naenda kumzika mhariri, mama. Orville Teague. Gazeti linasema kaandika vitabu arobaini. Mimi alinirudishia hadithi mara tisa, nikauza taipureta."

"Labda zilikuwa mbaya," akasema Bi Verna.

"Mbaya sana," mzee akacheka. "Lakini kila toleo la jarida lake lazima Dex Hallam. Yule ndiye mwandishi. Ile hadithi ya kitanda cha mtoto ilinitoa machozi. Teague hakuwahi kuandika hata ukurasa mmoja kama ule."

Bi Verna akatazama dirishani. Waandishi walipochelewa, Orville alizijaza kurasa tupu mwenyewe kwa jina la Hallam, maana ni aibu mhariri kuchapisha kazi zake mwenyewe. Ile ya kitanda aliiandika mwaka waliomzika binti yao, akamwapisha mkewe asimwambie mtu.

"Nimemfuata Hallam tu," mzee akaendelea. "Hawezi kukosa maziko ya aliyemlisha. Nataka nimpe mkono."

"Atakuwepo," akasema Bi Verna. "Huyo ametutangulia."

"Kumbe unamjua?"

Basi likasimama. Bi Verna akanyanyuka taratibu.

"Nipe mimi huo mkono, bwana. Ngazi za basi hili ni ndefu."