Laini ya Baba

Basi lilipotoka Vwawa asubuhi, mama aliyekaa mbele yangu alimwonyesha jirani yake simu mpya. Alijitambulisha kuwa Sekela, mkulima wa kahawa wa Iyula, anakwenda Kitwe, Zambia, kumlea binti yake aliyejifungua. "Ukivuka, mama, hiyo laini ya Tanzania itoe," alisema jirani, mfanyabiashara aitwaye Twaibu. "Itakula salio. Mimi huu mpaka navuka kila wiki."

"Siitoi. Simu hii inabeba laini mbili, kaka. Ya Zambia ni ya kuongea. Ya nyumbani ni ya baba."

"Kupokea kule wanakata hela."

"Nani kakwambia napokea? Baba ana miaka themanini, namba anayoijua ni hii tu. Kila asubuhi anabipu mara moja, najua ameamka."

"Na asipobipu?"

Sekela aliifumbata simu. "Ndiyo maana siitoi."

Twaibu alicheka, akasema bipu za Tanzania hazifiki kule. Mimi sijawahi kuvuka, kwa hiyo sikuwa na upande.

Tulipoingia Tunduma, mpakani, simu iliita mara moja, ikakatika. Sekela aliiinua juu kama kombe la mpira.

"Hapa bado ni Tanzania, mama," alisema Twaibu.

"Na kesho itaita Kitwe," alijibu Sekela, basi likasimama.