Béatrice Nsimire, Aliyewaacha Watoto Waguse (1946–2004)

Tunayemzika leo, Jumanne tarehe 25 Mei 2004, aliitwa Béatrice Nsimire. Mimi ninayesoma ni Mawazo, mdogo wake wa mwisho. Familia imeniomba niseme maisha yake yalivyokuwa, bila chumvi, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda mtu asifiwe kwa uongo.

Alizaliwa Uvira, nchini Kongo, tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa kwanza wa marehemu Balthazar Mushagalusa, fundi baiskeli, na marehemu mama Vénantie. Vita vya mwaka 1964 vilipotufikia, tulivuka mpaka kwa miguu hadi Gatumba, upande wa Burundi. Baba alisukuma baiskeli iliyobeba vyungu vya mama, naye dada akanibeba mimi mgongoni.

Shule ya msingi alisoma Uvira kwa masista. Hapa Bujumbura alisomea ualimu, akapata diploma yake mwaka 1969. Alifundisha Ngagara miaka kumi. Mwaka 1979 aliajiriwa katika jumba la makumbusho, kazi yake ikiwa kuwapokea wanafunzi na kuwaeleza ngoma, mikuki, vikapu na vyungu vya wazee.

Tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa na shemeji yetu Dieudonné, seremala, wakajenga Mutanga Nord. Walijaliwa watoto watatu. Ndoa yao ilikuwa ya kubishana na kucheka. Mwaka 1993, kabla ya machafuko, dada alimwomba mumewe atengeneze njia ya mbao juu ya ngazi za makumbusho, ili viti vya magurudumu vipite. Dieudonné alipomaliza alimkalisha mkewe kwenye kiti kimoja, akaanza kumsukuma, na wafanyakazi wote wakitazama. "Kama inabeba we," alisema, "itabeba batoto wote wa Burundi." Dada hakusema naye mpaka jioni. Lakini njia ilishika.

Wazo la kuwapokea watoto wenye ulemavu lilitokana na mwalimu mmoja wa kituo cha watoto wasioona, aliyemwuliza kwa nini shule zote zinaalikwa isipokuwa yake. Dada alinieleza baadaye kwamba alizunguka vyumba vyote kutazama. Kila chumba kilikuwa na kibao: Usiguse. Mtoto asiyeona angetembea humo akatoka kama alivyoingia.

Oktoba mwaka huo vita vikaanza. Tulikuwa na siku ambazo mji mzima ulifungwa, hakuna duka wala gari. Nilimwambia, "Yaya, dada yangu, watu wanakufa, we unataka kupeleka batoto kuangalia vikapu?" Akanijibu, "Hawa vita imewakuta wamefungiwa ndani tangu kuzaliwa. Wakingoja amani watazeeka." Nilikasirika. Niliona anacheza na maisha ya watoto wa watu, na sikumtembelea kwa wiki kadhaa. Leo nakiri hadharani kwamba nilikosea, ingawa hofu yangu haikuwa ya bure.

Jumatano tarehe 18 Mei 1994 alipokea watoto tisa wasioona. Aliwafungulia kabati bila ruhusa, akawapa vitu mikononi. Msichana wa miaka kumi, Jovithe, alipewa chungu cha zamani sana. Alikizungusha, akakinusa, akaingiza mkono ndani mpaka kiwiko. Kisha kikamponyoka, kikavunjika sakafuni.

Mkurugenzi wa wakati ule alimwita ofisini. "Madame, kile chungu kilikuwa na miaka mia."

"Ndiyo, monsieur. Na ile miaka yote hakuna mutoto alikijua kama huyu."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na wakubwa wake. Alimwekea karatasi mbele: aandike kwamba mtoto alichukua chungu mwenyewe, na kwamba watoto wa namna hiyo hawatapokelewa tena. Akisaini, yaishe.

"Apana," dada alisema. "Mi ndiye nilimupa. Andika hivyo, nitasaini."

Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Watoto wake walikuwa shuleni, na Dieudonné hakuwa akipata kazi, maana nani angeagiza kabati katika mji unaokimbiwa? Dada alilia siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa akina mama Batwa wafinyanzi, akawaomba wamfinyangie vyungu kama vile vya makumbusho, vya kushikwa. Alivipanga barazani kwake, pamoja na vikapu vya majirani na ngoma ya kuazima. Kila siku iliyokuwa na utulivu watoto walikuja, kila mmoja ameweka mkono begani mwa mwenzake.

Februari 1995, mchana mmoja, mkurugenzi alifika mwenyewe. Alisimama mlangoni muda mrefu akitazama watoto. Halafu akachukua chungu kimoja. "Hiki ni cha maji au cha pombe?"

"Funga macho, monsieur, ushike shingo yake. Utajua mwenyewe."

Alifunga macho. Akakishika shingo, akakirudisha mahali pake, akaenda zake. Baada ya siku tisa ikaja barua: arudi kazini, aje na vyungu vyake, na chumba kimoja kiwe cha kugusa.

Mwaka 1996, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo vya kiuchumi, mafuta yaliadimika, na watoto wakakosa usafiri. Aliyetuokoa ni Mama Ghanima binti Amur, mwenye duka mtaa wa Asiatique, ambaye mjukuu wake Muadh hasikii. "Mwalimu," alisema, "kamionete yangu inabeba mchele. Inshallah itabeba na watoto." Siku ya safari ya kwanza Muadh alikuja na bibi yake, akaegemezwa tumbo kwenye ngoma kubwa, ikapigwa. Alishtuka, akaruka nyuma, kisha akarudi mwenyewe akaikumbatia. Bibi yake alifunika uso kwa mtandio.

Kufikia mwaka 2002 walikuwa wamepita watoto zaidi ya mia nane. Mwaka huohuo miguu yake ilianza kuvimba, na daktari akasema ni figo. Dawa zilipatikana kwa shida. Aliendelea kufanya kazi mpaka Februari mwaka huu, na alipolazwa bado aligombana na manesi kuhusu mlango uliokuwa mwembamba kwa kiti cha magurudumu. Alifariki Ijumaa tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi, Dieudonné akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Ameacha mume, Dieudonné, watoto watatu, Lisette, Népomuscène na Adélaïde, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wawili tuliobaki. Familia inawashukuru wote waliomuuguza na kumwombea.

Tunalo ombi moja. Katika daftari lake tumekuta ziara ya Jumatano tarehe 2 Juni, watoto kumi na wanne. Wapo waliotuuliza kama iahirishwe kwa ajili ya msiba. Tunawaomba isiahirishwe.

Alikuwa mtu wa kusimama kutwa nzima. Bwana amkalishe sasa, apumzike kwa amani yake.