Hajji Bruhan Isabirye, Mtu wa Ratiba Aliyeomba Tungoje Basi

Assalaam aleikum. Masheikh wetu, wazee, majirani wa Mpumudde, madereva na makondakta mlioacha kazi zenu, na nyinyi mliotoka Iganga na Mbale, familia inawaomba mwendelee kutulia mlipokaa, tunajua jua ni kali na turubai ni moja, tunajua pia kwamba maiti ya Mwislamu haicheleweshwi bila sababu, na wapo walioanza kuulizana pembeni tunangoja nini. Jibu limo katika historia hii, ambayo imeandikwa asubuhi ya leo kwa haraka, ingawa sehemu yake kubwa marehemu aliisema mwenyewe alipokuwa kitandani, akatuonya kwamba tukiyaruka mabaya yake tutakuwa tumemsomea mtu mwingine. Tunaisoma kwa Kiswahili kwa sababu hapa wapo Wasoga, Wagisu, Wahindi na ndugu zetu wa upande wa Kenya, na marehemu alizoea kusema kwamba ndani ya basi hakuna lugha nyingine.

Hajji Bruhan Isabirye alizaliwa tarehe 14 Aprili 1954 hapa hapa Mpumudde, mtoto wa kwanza wa Mzee Isabirye, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha nguo, na Hajati Juwairiya, ambaye sambusa zake wengi wenu mmezila, na wengine mlizila kwa mkopo mpaka akasahau. Tarehe 2 Juni 1957 akazaliwa dada yake, Jamirah, na baada ya hapo Mungu hakuwapa wazazi wale mtoto mwingine, kwa hiyo wawili hao walilala mkeka mmoja, wakaugua surua pamoja, na kila Bruhan alipochapwa aliyelia kwa sauti kubwa alikuwa Jamirah.

Alianza shule ya msingi hapa Mpumudde mwaka 1961, akaendelea na sekondari mjini Jinja hadi mwaka 1972, kiwanda kilipoyumba na baba yake akarudishwa nyumbani, karo ikakosekana, naye akaacha masomo bila kulalamika na kuwa utingo wa malori ya Mombasa. Kiswahili alijifunza huko barabarani, nusu kwa madereva na nusu kwenye vizuizi vya askari, ambako mtu alijifunza upesi apende asipende. Mwaka 1980 alipata leseni, na tarehe 4 Machi 1991 akaajiriwa kuwa dereva wa mabasi ya Mzee Vallabh, aliyekuwa amerejea Jinja kufufua biashara ya familia yake, na wawili hao wakashirikiana miaka thelathini, wakigombana kila Jumatatu na kunywa chai pamoja kila Jumanne.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Bi Nabila, aliyeketi pale mbele, wakajaliwa mtoto wa kiume, Hamuza, na mabinti watatu, na wajukuu ambao marehemu aliwaita abiria wasio na tiketi. Dada yake Jamirah naye aliolewa Mbale, akajenga maisha yake Namakwekwe akiuza vitambaa, na kwa miaka mingi kila mwisho wa mwezi alipanda basi la kaka yake pale steji ya Namakwekwe, akaja Mpumudde kumwona mama yao, akarudi na mfuko wa sambusa.

Mwaka 2012 marehemu alipewa kazi ya kusimamia ratiba ya mabasi yote ya Jinja na Mbale, na hapa ndipo alipotaka tusome polepole. Wakubwa mnakumbuka mabasi yalivyokuwa, basi liliondoka likijaa, lilizunguka mitaa ya Mbale, Malukhu na Namakwekwe, kuokota watu, na kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote, kwamba mtu akija mbio akasema ana msiba, kondakta alipiga bodi la basi kwa kiganja, dereva akangoja, na aliyekaa kiti cha mbele akamwachia. Marehemu aliiona desturi hiyo kuwa uzembe, akasema kila siku ana msiba mtu, na basi likimlilia kila mmoja halitafika. Tarehe 2 Oktoba 2017 akaanzisha ratiba mpya, mabasi yakaacha kuzungukia Tororo yakapita barabara ya Tirinyi, mabasi mawili ya asubuhi yakaunganishwa kuwa moja, abiria wakatakiwa kupandia kituo kipya kwenye barabara iendayo mji wa Kumi, na ingawa basi liliendelea kupita Namakwekwe na Malukhu, lilikatazwa kusimama. Nyuma ya kila basi akaandikisha kwa rangi nyekundu, SINGOJI MTU. Tuseme kweli, watu walimsifu, wanafunzi walifika shule mapema na wafanyabiashara wakapata faida, na marehemu akatembea mjini kifua mbele.

Wiki hiyo hiyo dereva Apollo alisimama Namakwekwe akampakia mwanamke mjamzito, na marehemu akamsimamisha kazi siku tatu bila mshahara, mbele ya wenzake, ili wote waelewe.

Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2017, alfajiri, Hajati Juwairiya alifariki hapa nyumbani. Marehemu alimpigia dada yake simu, akamwambia apande basi la asubuhi, mazishi ni baada ya swala ya adhuhuri, akakata simu kwenda kutafuta sanda, na hakumwambia kwamba basi halisimami tena steji ya Namakwekwe wala kwamba basi la pili la asubuhi halipo, mambo ambayo aliyepaswa kumwambia kuliko mtu yeyote alikuwa yeye. Jamirah akasimama pale pale aliposimama miaka yote. Apollo, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kazini, alimwona kwa mbali na kanga yake kichwani, akapunguza mwendo, akapiga simu huku Jinja akasema, "Hajji, dada yako anasimama steji ya zamani, analia. Mimi nasimama ama napita?" Marehemu alikuwa amezungukwa na waombolezaji, baadhi yao mko hapa leo na mlimsikia, na miongoni mwao walikuwa madereva wawili walioshuhudia Apollo akiadhibiwa. Aliona haya kuivunja sheria yake kwa ajili ya damu yake mwenyewe, akajibu, "Pita. Ratiba haina dada."

Jamirah aliliona basi likimkaribia taratibu, akamwona Apollo na simu sikioni, kisha akaliona likiongeza mwendo, na akasoma maandishi ya nyuma. Akaungaunga magari hadi Iganga, na kutoka Iganga hadi hapa, na wazee walipoomba mazishi yasogezwe kidogo, marehemu alisema saa imeshatangazwa. Dada yake alifika wakati watu wananawa udongo mikononi, akauliza tu, "Mama mumelaza wapi?" akaenda akakaa kando ya kaburi mpaka alasiri. Hakumgombeza kaka yake siku ile wala siku nyingine, alimwamkia vizuri, alimletea kitambaa cha kanzu kila Idi, lakini basi la Vallabh hakulipanda tena, alikuja kwa magari mengine hata yalipokuwa mabovu, na hakuuliza kamwe aliyesema apitwe ni nani. Marehemu alituambia kwamba angetukanwa angepona. Kwa miaka minane alikula chakula kilichopikwa na dada yake huku akijua kwamba dada yake anajua.

Mwaka 2018 alimwendea Mzee Vallabh, akamwomba steji ya Namakwekwe irudishwe na basi liruhusiwe kumngoja mwenye msiba, na Mzee Vallabh, ambaye yupo nasi na ameturuhusu tuliseme hili, alimjibu, "Bruhan, mimi sikutaka ratiba hii, wewe ulinifundisha. Sasa nimeelewa, wewe umesahau?" Ratiba ilikuwa inalipa, ikabaki. Tarehe 31 Desemba 2021 marehemu alistaafu, lakini hakuacha kwenda kituoni, na madereva wanajua alichokuwa akikifanya, basi likitaka kutoka alisimama mbele ya lango na fimbo yake, akainama kufunga kamba za viatu, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena, mpaka mama fulani aliyekuwa akikimbia na mizigo awahi kupanda. Viatu vyake vya mwisho havikuwa na kamba, na bado aliinama.

Mwezi wa Machi 2025 ugonjwa wa sukari aliokuwa nao kwa muda mrefu ulimshika figo, akalazwa hospitalini Jinja mara tatu, na mwezi wa Januari mwaka huu akaomba arudishwe nyumbani. Hapo ndipo alipowaita Bi Nabila na Hamuza, akawaeleza yote haya, akalia, akasema, "Mama yangu nilimfukia, dada yangu hakuona uso wake. Mimi nikienda, musinifukie mpaka Jamirah afike. Hata kama ni mimi nitanuka, ngojeni." Hamuza akamwuliza kwa nini asimpigie dada yake simu amwombe msamaha akiwa hai, naye akasema anaogopa kwamba atamsamehe haraka. Hakupiga.

Alifariki leo, Jumanne tarehe 3 Februari 2026, baada ya swala ya alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Hamuza alimpigia shangazi yake simu, akamweleza neno la baba yake lote bila kuficha, kisha akamwambia gari linakuja kumchukua. Shangazi akasema, "Gari ya nini? Mimi nakuja na basi yake. Nitakuwa steji ya zamani."

Basi la saa tano leo linaendeshwa na Apollo. Lilisimama Namakwekwe. Masheikh wamekubali tungoje hadi alasiri na si zaidi, na hiyo ndiyo sababu ya nyinyi kukaa juani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Jinja waliomvumilia mgonjwa aliyewauliza kila zamu kwa nini wamechelewa, inawashukuru majirani waliopika na kuchota maji tangu alfajiri, Mzee Vallabh na familia yake waliotoa sanda, na wafanyakazi wenzake wote wa kituoni. Inamshukuru Apollo, aliyeadhibiwa kwa kusimama, na leo amesimama bila kumpigia simu mtu yeyote. Na hiyo honi mnayoisikia barabarani ni yeye, ameacha njia yake na kupanda huku Mpumudde na basi zima, kwa hiyo tunawashukuru pia abiria wake, ambao hawakumjua marehemu, wana safari zao, na wamekubali kuchelewa. Vijana, wapisheni njia, wapeni maji.

Hajji Bruhan, tumengoja, na aliyengojewa ameshuka, pumzika kwa amani. Dada Jamirah, pita mbele, uso wake hatujaufunika.