Neno la Bibi Lililotoka Malawi

Pantoni lilikuwa halijaondoka Magogoni, na mzee Twaha, aliyeamini kuwa ukiondoa Kiswahili lugha nyingine zote ni kelele tu, alikuwa ameshatega sikio kwenye mazungumzo yasiyomhusu.

"Kichewa cha nini, mama?" kijana mwenye kitabu cha Kichina alimwuliza mwanamke aliyeketi karibu naye akisoma daftari la maneno ya Kichewa, lugha ya Malawi. "Kichina ndicho kinacholipa."

"Kinalipa, mwanangu," alijibu yule mama, muuza vitenge wa Kariakoo. "Ila wateja wangu wa Malawi wakisubiri mzigo ufungwe, huwa tunakula sinia moja. Siku moja mmoja akashika tumbo, akasema, 'Ndili ndi njala.' Nywele zilinisimama! Bibi yangu wa Songea naye njaa aliiita njala. Sisi wajukuu wa mjini tulimcheka, tukamsahihisha mpaka akawa hasemi kitu. Kumbe neno lake linatembea nchi na nchi! Tangu hapo nauliza kila kitu: moto kwao ni moto, nyama ni nyama, mvua ni mvula. Kila neno nikilifungua, namkuta ndugu ndani."

"Lakini Kichina, mama..."

"Jifunze, baba. Mimi kila neno jipya nalisema kama namwomba bibi radhi."

Pantoni likagota Kigamboni. Kijana alishuka bado anakitetea Kichina chake. Mzee Twaha alibaki ameketi peke yake, akimkumbuka marehemu mama yake, Mzaramo, ambaye yeye mwenyewe alimkataza kuongea kikwao mbele ya wageni.