Besi Apige Warda

Niinueni kidogo, wanangu, mniwekee na mto mwingine mgongoni, maana nikilala chali maneno yananirudi kifuani, na leo sitaki lirudi hata moja. Warda, kaa huku kwenye mkono wangu wa kushoto. Swedi, usisimame mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, ingia, kaa kwenye jamvi. Najua gari la vyombo liko nje. Najua bibi harusi wa Nyanza-Lac amekwisha kupakwa hina na watu wanawangoja mchana huu. Nimesikia pia mlivyobishana uani tangu asubuhi, mkidhani mgonjwa akifumba macho na masikio yamefumba. Warda anasema haendi, atabaki na mimi. Swedi anasema basi twende bila gita la besi, yeye ataipiga kwenye kinanda kwa mkono wa kushoto, na tukirudi besi yenyewe tumuuzie yule mtu wa Bujumbura anayeitaka. Haya. Mimi Zainabu, mama yenu, akili zangu bado ninazo, na ninayosema sasa ndiyo nitakayoulizwa mbele ya Mungu, kwa hiyo asinikatize mtu.

Fungueni dirisha. Joto gani hili.

Nitaanza na besi, kwa sababu ndiyo inayowagombanisha. Besi ile ilikuwa ya baba yenu, Ismaili, na hapa Rumonge hakuna aliyeipiga kama yeye. Mchana alifanya kazi kwenye mashine ya kukamulia mawese, jioni na siku za harusi alipiga besi kwenye orkestra yetu, na mimi nilikuwa mmoja wa akina mama wa kuitikia nyuma. Swedi, wewe ulikuwa bado unatambaa siku mashine ilipomvuta mkono. Walimleta nyumbani amefungwa shati la mtu, uso umekuwa wa majivu, na la kwanza aliloniambia halikuwa maumivu. Aliniambia, "Zainabu, ni wa kushoto." Nikadhani ananipa pole, kwamba afadhali si wa kulia. Sikuelewa mpaka kidonda kilipopona na vidole viwili havipo, nikamwona ameipakata besi, mkono wa kulia unataka kupiga na wa kushoto hauna cha kubana nyuzi.

Akawa mtu wa kutoka na kuingia. Anakwenda ufukweni, anarudi, anakwenda tena. Hali chakula mpaka mwisho, halali mpaka asubuhi. Siku moja nilikuwa natwanga majani ya sombe hapo uani, akasimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akasema, "Usisimame. Twanga hivyo hivyo." Nikatwanga. Akaniambia, "Mchi wako haukimbii wala hauchelewi. Njoo ndani."

Akanikalisha kwenye kigoda, besi mapajani mwangu, yeye akakaa nyuma yangu, akapitisha mkono wake wa kulia chini ya kwapa langu. Mimi nikabana nyuzi kwa vidole vyangu vya kushoto pale alipoelekeza, yeye akazipiga kwa mkono wake uliobaki. Besi moja, watu wawili. Mwanzo ilikuwa kelele tu, na ngozi ya vidole vyangu ilichanika nikawa siwezi kushika hata sufuria ya moto. Lakini ilifika siku wimbo mzima ulipita kati yetu bila kukwama, na nikahisi shingoni kwamba analia. Kesho yake akaondoa mkono wake, akasema, "Sasa wote miwili ni yako."

Kwa hiyo Warda, ninayokufundisha si yangu, nakupa kama nilivyopewa. Usipige kitu ambacho huwezi kukiimba kwanza kwa mdomo. Mkono wa kulia unazipa nyuzi sauti, wa kushoto unazinyamazisha, na kunyamazisha ndiko kunakowashinda wengi, baba yenu alikuwa akinifokea, "Umeiacha noti imezeeka, ikate!" Simama karibu na mpiga ngoma uone mguu wake, usiusikie tu, kwa sababu ukumbi mkubwa unachelewesha sauti na mguu hauchelewi. Usiangalie vidole vyako. Angalia miguu ya wanaocheza, na hasa ya akina mama watu wazima, maana vijana wataruka hata kwa honi ya lori, lakini mama mtu mzima akikaa chini katikati ya wimbo, jua umeharibu, tafuta ulikoharibia. Mwimbaji akianza, punguza. Mwenye gita akianza mbwembwe zake, punguza tena. Watu wasiseme besi ilikuwa nzuri. Waseme harusi ilikuwa nzuri, nawe utajua.

Maji. Kidogo tu. Basi.

Siku ya kwanza nilipopanda jukwaani na besi ilikuwa Magara, harusi ya binti wa Speciosa, yule mama aliyekuwa akinunua samaki wa ufuo mzima na kuwapeleka mjini. Abdoulkarim, huyu huyu mzee mnayemwita babu, ndiye alikuwa mkubwa wa orkestra na mwenye gita la solo. Aliponiona nashuka garini na besi akamwambia baba yenu mbele ya watu, "Ismaili, mwanamuke hapigi besi. Huyu akae na bamama wenzake, aitikie." Baba yenu akamjibu, "Kama iko mwingine anayejua nyimbo zetu, mwite." Hakukuwapo. Basi nikapanda, nimefunga kitambaa changu vizuri.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili, Abdoulkarim akaanza kukimbia. Hakukosea, alikusudia; alinitazama akacheka, akaongeza mwendo, na Hamidu aliyekuwa kwenye ngoma akamfuata kwa kumwogopa. Nikafuata. Akaongeza tena. Halafu, bila kuashiria kwa kichwa wala kwa jicho, akahamisha wimbo mzima akaupandisha juu, na mimi nikabaki chini kulekule, na kila mtu ukumbini akasikia. Watu waliokuwa wakicheza wakasita. Nikamsikia mwanamume mmoja akisema, "Si mulisikia, ni mwanamuke." Baba yenu alikuwa amekaa pembeni, mkono wake mbovu ameuficha mfukoni, na hakunyanyuka kunisaidia. Angeweza kunionyesha kwa vidole vya mkono mzima, na hakunionyesha.

Nikanyamaza. Sikupiga kabisa. Mtu akipotea anataka kupiga noti nyingi kufunika aibu, na kila noti inamzidishia. Mimi nikanyamaza, nikatega sikio mpaka nikaijua noti moja ambayo wimbo wote ulikuwa unaizunguka, nikaushika mguu wa Hamidu kwa macho, nikaipiga ile noti moja. Nikaikata. Nikaipiga tena. Si kwa mwendo wa Abdoulkarim, kwa mwendo wangu, ule wa uani. Gita likaenda peke yake mbele kama mtu anayekimbia kwenye mvua na wenzake wamejikinga. Hamidu akanitazama, akanirudia. Na Speciosa, mama wa bibi harusi, mwanamke mzito yule, akasimama na kitenge chake akaja katikati ya uwanja akaanza kucheza taratibu, na akina mama wote nyuma yake. Abdoulkarim akakimbia peke yake kidogo, kisha hakuwa na pa kwenda, akarudi. Wimbo ulipokwisha alimwendea Speciosa kujitetea, akisema huyu bado anajifunza. Speciosa akamwambia, "Mwache. Weye nilikuwa nakusikia tu. Huyu miguu yangu inamwelewa."

Baba yenu hakunipongeza. Njiani kurudi aliniambia nilikuwa nimeshika mkanda mrefu mno, kiwiko kinaanguka. Lakini alikuwa anaimba.

Nigeuzeni upande huu. Hapana, nirudisheni. Mwili wote unataka kwenda mahali na haujui wapi.

Swedi, mwanangu, sasa ni wewe, na usiangalie jamvi. Najua kwa nini unataka besi iondoke nyumba hii, na si kwa sababu ya kinanda. Mwaka wa vita tulipokimbia kwenda Kigoma, nilibeba besi mgongoni na wewe ukatembea. Ulikuwa mtoto wa kujua mambo, ulilia, ulisema mama nibebe, nami nikakuambia tembea. Ulipokuwa mkubwa uliniambia siku moja kwa hasira, na sikukujibu. Leo nakujibu. Mgongo ulikuwa mmoja, na tumboni alikuwamo Warda, na baba yako kwa mkono wake mmoja alishika furushi la unga na kwa ule mbovu alikuwa akikuvuta wewe. Nilikupima kwa macho nikaona miguu yako inaweza. Besi haikuwa na miguu. Kule kambini tulipopatia ampli ya betri niliipiga kwenye harusi za watu waliopoteza kila kitu na bado wakaoana, na sahani waliyoniletea nilikuwa nakupa wewe kwanza. Kama ingekuwa ni kurudi leo kwenye njia ile, ningekuambia tembea, na ningelia kama nilivyolia, ila wewe ulikuwa mbele hukuniona. Hukuniona, mwanangu. Hilo tu ndilo lililokosekana kukuambia.

Na huko huko Kigoma ndiko baba yenu alikokufa, kwa homa, hakumwona Warda akisimama. Siku zake za mwisho alinitaka nipige, na ampli ilikuwa haina betri, basi akaegemeza sikio kwenye ubao wa besi, nikapiga, akasikia yeye peke yake.

Sasa shikeni haya. Besi ni ya Warda, haiuzwi, haikopeshwi kwa mtu ambaye hamjamwona akinawa mikono. Ampli, bafle zote za kutolea sauti, jenereta na jina la orkestra ni vya Swedi. Nimegawa hivyo kwa makusudi, msije mkafikiri ni ugonjwa: besi bila ampli haisikiki ng'ambo ya ukuta huu, na ampli bila besi ni sanduku. Mkitengana kila mmoja atabaki na kitu cha kupangusia vumbi. Kinanda, Swedi, unakipiga vizuri, nimekusikia, nina fahari nacho. Lakini mkono wako wa kushoto umezoea kuufuata wa kulia, unautii, na besi haimtii mtu. Upe mkono huo mapumziko, muachie dada yako.

Abdoulkarim nilimsamehe siku nyingi, aliporudi kutoka uhamishoni hana gita na mimi nikampa nafasi kwenye orkestra niliyoifufua tuliporudi, ambayo zamani ilikuwa yake. Alikuja jana akakaa hapo, tukacheka. Mheshimuni, mleteeni sehemu yake ya nyama ya harusi. Ila msimwache ahesabu mwanzo wa wimbo. Bado anakimbia.

Warda, usilie, utapata sauti ya pua. Sikia. Utafunga nyuzi hapa uzipime, na ukifika Nyanza-Lac utazipima tena, maana jua la barabarani linazilegeza. Usile wali wa mafuta kabla ya kupiga. Nyuzi zikichoka zichemshe kwenye maji, zikaushe vizuri, zitakuvusha miezi. Wasalimie wapishi kabla ya wenye harusi. Ukikosea, uso usibadilike. Na ukisikia kaka yako anakimbia, usimfokee mbele ya watu. Mngoje. Atarudi.

Sauti inanitoka... Mnanisikia? Sogeeni.

Mimi nizikwe hapa hapa Rumonge, na harusi ya leo isivunjwe. Agneta jirani atakaa na mimi, nimekwisha kumwambia. Zamani jukwaani watu walikuwa wakinitazama kama ninyi mnavyonitazama sasa, wanasema Zainabu amechoka, na nilikuwa sijachoka, nilikuwa nasikiliza. Ila leo... leo kidogo nimechoka.

Nimewaridhia wote wawili. Maziwa yangu, jasho langu, njia ile, nimewahalalishia. Mungu awape sikio, awape subira, awape wa kucheza nao. Swedi, leta kichwa chako. Hivyo. Ulikuwa mzito, ndiyo sababu. Ulikuwa mtoto mwenye afya.

Mkipigiwa simu wimbo ukiwa katikati, asipokee mtu. Umalizeni kwanza. Yule binti anayeolewa hakufanya kosa lolote... acheni acheze mpaka mwisho.

Dereva anapiga honi. Nendeni. Swedi, mshikie dada yako mlango, mikono yake imejaa.

Warda, usinibusu tena. Utachelewa.