Wimbo ya Sita ya Marehemu Mwenze wa Kabwe

Jamaa, majirani ya komine Kenya na ya Makomeno, hapa mu muji, bantu ba kazi yake, hii njo maisha ya marehemu. Dada yake mukubwa Victorine aliiandika kwa mukono yake. Mwandiko ilikuwa mubaya, karani wa parokia aliipiga ku mashine, lakini hakupewa ruhusa ya kupunguza neno.

Mwenze wa Kabwe alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1949, hapa Lubumbashi, wakati muji ilikuwa ingali Elisabethville. Baba alikuwa Edouard Kabwe, muntu wa Moba, wa kazi ya furu ya kuyeyusha shaba. Mama alikuwa Clotilde Mwaba. Alibatizwa André. Mu 1972 bantu baliambiwa kuacha majina ya bazungu, naye akaiacha. Victorine hakuacha kumuita vile, na leo hataanza kuacha.

Mama Clotilde alikufa mu 1957. Victorine, muzaliwa wa kwanza, alikuwa na myaka makumi mbili na munane, mujane bila mutoto. Alimukamata André, akamukomalisha na feza ya kazi yake ya kufua nguo ku misioni. Mutoto alimuita Yaya, ni kusema dada mukubwa.

André alisoma kwa mapadri mu Kenya, kisha akasomea ufundi wa umeme, akamaliza mu 1968. Alikuwa mutoto mupole. Siku moja tu Victorine alirudia nyumbani, akakuta mashuka ya misioni yote imelala mu vumbi. Mutoto alikuwa amekata waya ya kuanikia nguo, ameifunga ku bidon ya mafuta, anapiga muziki. Victorine alimuchapa vizuri. Kesho yake alinunua waya mupya, na kipande yenye kubakia akaiangusha karibu na kitanda ya mutoto, sawa vile imeanguka yenyewe. Mutoto aliiokota.

Mu 1969 aliingia kazi ya fundi wa umeme ku kampuni ya shaba. Yeye na barafiki batatu ba atelier ya kampuni balifanya orchestre, Bana Furu. Haikuwa rumba. Ilikuwa roki, ile ya nguvu, gitare ya umeme yenye kulia mpaka vioo vinatetemeka. Mwezi wa kumi na moja 1975 balivuka mupaka, bakaingia siku ine mu studio moja ya Kitwe, bakatoa diske ya nyimbo sita. Jina yake ni Moto ya Chini.

Mwezi wa pili 1976 Mwenze aliletea Victorine diske ya kwanza kabisa. Nyuma ya karatasi yake kuliandikwa maneno ya kifransa. Victorine anasoma tu kitabu ya nyimbo ya kanisa, herufi kubwa, na hakutaka kuuliza. Kinanda ya kupigia diske hakuwa nayo. Mwenze alimuambia aje siku ya mungu kwake Makomeno, basikilize pamoja. Victorine alijibu kwamba kule bantu banakunywa, atasikiliza kwake. Akaweka diske mu kabati, chini ya kitambaa ya vikombe.

Bantu balisema mengi juu ya ile diske. Muntu mumoja wa radio alisema ngoma yake ni moyo ya furu yenyewe. Vijana ya chama ya serikali balisema ni ya bazungu, haina authenticité, haiko ya kwetu. Victorine kwenda ku soko, banamuke banamucheka kwamba mutoto wake anapika mawe. Kisha mwandishi wa gazeti alikuja kwake mu Kenya, na majirani bakasimama ku mulango kusikiliza. Aliuliza kama Mama Victorine alisikia diske, na hasa wimbo ya sita, juu ile yeye mwandishi aliipenda.

Kusema hajasikia ilikuwa haya mbele ya bale majirani. Victorine alisema, "Niliisikia yote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Ni makelele ya mashini ya kusaga mawe. Hata ile ya sita."

Gazeti ilitoka siku ya posho, tarehe 20 mwezi wa tatu. Juu kabisa baliandika kwamba hata dada yake ameikataa. Radio iliacha kuipiga. Duka zikarudisha makartoni ya diske.

Kesho yake, siku ya mungu, Mwenze alikuja kula sawa siku zote. Alikula bukari na sombe, akamaliza. Akauliza, "Yaya, ile ya sita ulisikia kweli?"

"Nilisikia."

"Basi," alisema, akanawa mikono. Gitare aliiuza, na hakuna aliyemuona tena na nyingine. Kuja kula, hakuacha hata siku ya mungu moja.

Tarehe 20 mwezi wa munane 1977 alimuoa Wivine Chola, mu kanisa. Mu 1988 mafigo ilianza kumusumbua. Ku lopitali Victorine alikaa karibu naye majuma matatu na lile neno la diske mu kinywa, akazungumuza sabuni na bei ya unga. Mwenze alikufa siku ya tatu ya juma, tarehe 6 mwezi wa kenda 1989, saa nane ya muchana. Lile neno lilibakia.

Jana Wivine alitafuta vikombe ya wageni mu kabati ya Victorine, akatoa diske. Aliigeuza ku mwangaza.

"Yaya, hii sindano haijaigusa hata mara moja."

Wivine akamusomea maneno ya nyuma. Wimbo ya sita inaitwa Waya ya Yaya.

Marehemu anaacha bibi yake Wivine, batoto Mutale, Angélique na Alphonse, na dada yake Victorine, mwenye kusema uongo, na hataki muntu amutetee.

Kinanda ya Wivine iko hapa mu lupango, ku kiwanja ya nyumba, waya imetoka ku dirisha. Kabla sanduku ya marehemu haijatoka, tutapiga ile ya sita. Mwenye kuijua asimuelezee Victorine kintu.

André, pumuzika mu amani. Yaya anasikiliza.